Paka wa Birindwa na Tuta la Saumu

Paka siwapendi. Niseme mapema, mtu asije akanisifu bure mwishoni. Kwetu Kakamega paka alikuwa mfanyakazi: anashika panya, analala jikoni kwenye majivu, na akikaribia meza anaonyeshwa kiatu. Huku ughaibuni, mjini Hopkins, naona watu wazima wakiwanunulia paka viti vya kukalia na keki ya siku ya kuzaliwa, nanyamaza tu. Kila nchi na wazimu wake. Kwa hiyo msimu ule wa baridi nilipojikuta nimepiga magoti kwenye theluji nikimbembeleza paka wa mtu, nilijua vizuri ni nani aliyenifikisha pale. Ni jirani yangu, Mama Maombi.

Jina lake hasa ni Bernardine. Mkongo wa Bukavu, amepitia kambini Uganda kabla ya kuletwa huku na mumewe Birindwa na binti yao Maombi. Wao wanakaa chini, mimi juu, katika nyumba za kupanga za zamani ambazo heta zake za kupashia joto hugongagonga ukutani kana kwamba kuna fundi amefungiwa ndani. Bernardine ni mfupi, mkavu, macho makali, maneno machache. Kazi yake ni kukunja mashuka katika kiwanda cha kufulia huko Saint Louis Park. Ukimsalimia atakujibu, lakini gumzo usitegemee. Gumzo la nyumba ile lilikuwa la mumewe, na lilitosha watu wawili.

Nyuma ya jengo, kando ya uzio, kuna kipande cha ardhi ambacho meneja wetu, kijana anayeitwa Brandon, alimruhusu Birindwa alime. Akalima lengalenga, sukuma, maharage. Lakini kiburi chake kilikuwa vitunguu saumu. Wenzake wote wakifunga bustani mwezi wa kumi, yeye ndiyo kwanza anapanda. Mbegu alikuwa akiitunza mwenyewe: kila kiangazi anachagua vichwa vikubwa, anavitundika juu ya friji, na ole wake atakayevigusa kwa mchuzi. Anapanda vyote, anafunika tuta kwa mabua makavu ya ngano, na tuta linakaa chini ya theluji hadi masika. Mwaka wa kwanza nilimcheka. "Baba Maombi, unazika vitunguu?" Akanijibu, "Siziki, Mama Dinah. Ninalaza."

Na pale bustanini kulikuwa na Shefu. Paka dume, wa kijivu, kichwa kikubwa, uso wa askari wa forodha aliyenyimwa likizo. Alitoka kusikojulikana akahamia chini ya ngazi za nyuma, na hakuna mtu aliyeweza kumgusa ila Birindwa. Birindwa akitokea mlangoni na kusema, "Chef, bonjour!", paka anakuja mbio, mkia juu, anajisugua kwenye suruali yake mpaka chakula kitoke. Akitokea mwingine yeyote, paka hayupo. Birindwa akipalilia, Shefu analala juu ya mabua, juani, kama mwenye shamba. Bernardine alikuwa hamtaki hata kumwona. "Ule paka anakula samaki yetu," alikuwa akiniambia, "na aksanti hana."

Halafu mwezi wa kumi na moja Birindwa akatoka asubuhi kwenda kazini, akafika mlangoni, akageuka, akamwambia mkewe, "Shefu hajakula." Akaenda. Kabla ya saa ya chakula cha mchana moyo ulikuwa umemsimama, huko huko kazini. Basi hayo ndiyo maneno ya mwisho Bernardine aliyosikia kutoka kwa mume wake. Hakumwambia kwaheri, hakumwambia nakupenda. Shefu hajakula.

Tulizika. Kanisa lilikuja, likaimba, likapika, likaondoka. Jioni ile nilichungulia dirishani nikamwona Bernardine ametoka na ndara miguuni, theluji ya kwanza inaanguka, ameshika sahani ya samaki. Akaiweka chini ya ngazi, akarudi nyuma, akasimama. Paka hakutoka mpaka mama wa watu alipoingia ndani. Tangu hapo ikawa hivyo kila siku. Yeye anaweka, anaingia, anasimama dirishani, ndipo Shefu anatoka kula, akiinua kichwa kila mara kutazama mlango.

"Ananiangalia sawa vile miye njo nilimuficha bwana yangu," aliniambia siku moja, na hiyo "njo" ya kwao ndiyo "ndiye" yetu.

Ilipofika Januari, simu zetu zote zikaanza kulia kwa matangazo ya hatari. Baridi inakuja, si ile tuliyoizoea ya kulalamikia. Hii ni ya digrii thelathini chini ya sifuri, na upepo juu yake. Shule zimeshafungwa kabla hata haijafika. Wanasema usiache ngozi wazi, usiache mnyama nje. Bernardine akapanda ngazi akagonga mlango wangu. Alikuwa hajawahi kunigongea.

"Mama Dinah, Shefu atakufa."

Haki, nilitaka kusema paka ana roho saba, atajijua. Nikamtazama usoni. Macho yalikuwa yamemtoka. Alikuwa ameshafungua mlango wa nyuma na kupanga vipande vya samaki kwenye korido yote ili paka aingie, na alichopata ni paka kukimbia na Brandon kukanyaga samaki.

"Kitu yenye aliniachia njo huyu," akasema. "Hakusema juu ya Maombi. Hakusema juu yangu. Alisema juu ya paka. Nikishindwa hii kitu moja tu, nitamuambia nini siku nitamuona?"

Basi nikavaa buti. Nilikuwa na kasha langu jeupe, jepesi, la kubebea soda na barafu wakati wa pikiniki. Tukakata tundu ubavuni, tukalitumbukiza ndani ya pipa la plastiki lililotobolewa mahali hapo hapo, tukalifunika, tukaliweka chini ya ngazi. Nyumba ikapatikana. Sasa matandiko. Nikamwambia ngoja nilete blanketi kuukuu, akasema hapana, akaingia chumbani, akatoka na sweta la Birindwa. Lile la kahawia, la sufu, alilokuwa akivaa bustanini.

Hapo ni lazima nieleze. Kwao, na kwetu pia, nguo za marehemu haziguswi ovyo. Zinakusanywa, zinawekwa, mpaka ndugu zake wakae siku moja wagawane. Nguo zote za Birindwa zilikuwa ndani ya sanduku chini ya kitanda, zikimngoja mdogo wake, Bagalwa, anayekaa Saint Paul, apange siku hiyo. Na Bernardine alikuwa amefungua sanduku.

"Harufu yake iko ndani," akasema. "Shefu akisikia harufu, ataingia."

Na mimi, ninayefanya kazi ya kuwalaza na kuwafunika wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee, mimi mwenye cheti ukutani, nikamwambia, "Mama Maombi, hiyo sasa ndiyo akili!" Sote wawili tumekulia mahali ambapo mwenye baridi anafunikwa nguo, yakaisha. Nani alitufundisha vingine? Tukalitandika sweta vizuri, mikono tukaikunja kwa ndani.

Na paka akaingia! Kabla ya magharibi tulimwona akinusa tundu, akazama mzima mzima. Bernardine aliziba mdomo kwa mikono miwili, akacheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu mazishi. Nikapanda kwangu nikijiona mtu wa maana sana.

Wacha we! Usiku huo ikaanguka theluji ya majimaji, ile nzito, na alfajiri baridi ikashuka ghafla. Shefu alikuwa ameingia na kutoka na miguu yenye theluji, na pumzi yake pia ni maji, na sufu ikayanywa yote. Tuliporudi kutoka kanisani kesho yake, Jumapili, Bernardine aliinama chini ya ngazi akavuta sweta, likatoka limekakamaa kama ubao. Manyoya ya kijivu yalikuwa yamegandia juu yake, mafungu mafungu, pale paka alipojinasua. Paka mwenyewe hakuwepo.

Maombi ndiye aliyemwona. Binti huyu anaelewa Kiswahili chote lakini hukijibu kwa Kiingereza, na siku hiyo Kiingereza chenyewe kilimtoka kwa kulia: Shefu yuko chini ya pipa kubwa la taka, mguu mmoja haukanyagi, na akisogelewa anajisukuma ndani zaidi. Baridi yenyewe hasa ilikuwa bado haijaja. Ilitangazwa kuingia Jumatatu jioni.

Mchana huo huo, nikiwa jikoni kwangu, nikasikia sauti ya Birindwa chini. Sauti ile ile nzito, yenye kukwaruza kidogo, ikipanda kupitia sakafuni. Nikashuka mbio hata bila viatu. Kumbe ni Bagalwa. Sura hawafanani, lakini ukifumba macho huwezi kuwatenganisha. Ndiyo maana Bernardine alikuwa hapokei simu zake, nilielewa pale.

Bagalwa alikuja kupanga siku ya kugawa nguo. Akakuta sweta la kaka yake limesimama lenyewe mbele ya heta, limeganda, mikono imekunjwa, linadondosha maji.

"Shemeji, hii ni nini?"

"Nilipatia paka."

"Paka?" Akanitazama mimi, akamtazama yeye. "Nguo ya kaka yangu? Ndugu bado hawajakaa? Kwa paka?"

"Baridi ilikuwa..."

"Hii sweta nilimununulia miye! Nilimununulia na kazi yangu ya kwanza! Nilikuwa nahesabu nitavaa hii tu, zingine mugawe vile munataka!" Sauti ikapasuka. "Shemeji, ulikuwa wazimu?"

Bernardine hakujitetea. Alisimama ameinamisha kichwa, na nilijua si aibu peke yake. Ni ile sauti. Alikuwa anagombezwa na mume wake aliyekufa, ndani ya nyumba yake. Nikaingilia kati, maana mdomo wangu huwa haungoji ruhusa. Nikamwambia Bagalwa hata mimi nilikuwepo, na kama ni wazimu basi tuchukuliwe wote wawili. Akashusha pumzi. Akakaa. Akajifuta uso kwa kofia yake.

"Sawa," akasema mwishowe. "Sweta imekwenda. Lakini saumu yenye alipanda, shemeji, ikitoka unipatie mbegu. Nipande kwangu. Nikuwe na kitu cha mikono yake."

"Nitakupatia," Bernardine akasema. "Hiyo nakuahidi mbele ya Mungu."

Jumatatu asubuhi niliingia kazini na roho nzito. Kuna bibi mmoja ninayemhudumia, Mzungu, amekulia shambani huko magharibi mwa jimbo. Miguu imekufa lakini mdomo uko salama. Nikimvisha soksi nikamsimulia habari ya paka, ili tu nipunguze uzito. Alinikata katikati. Mmemwekea sufu? Ninyi! Nguo hunywa maji, na maji huganda. Mnyama mtakuwa mmemvisha barafu. Mabua ya ngano ndiyo hayanywi maji. Jaza mabua tele, paka ajichimbie mwenyewe, atalala salama hata dunia ikipasuka. Na si nyasi kavu za kulisha sungura, hizo nazo hunywa. Mabua.

Nilipotoka kazini nilizunguka madukani mpaka nikachoka. Duka la vifaa vya bustani linauza majembe ya theluji na chumvi. Duka la wanyama wana nyasi za sungura. Mabua ya ngano? Kijana mmoja wa dukani akanitazama kwa huruma. Hayo huuzwa msimu wa maboga, mama, watu wanapopamba milango. Januari hakuna. Nikakaa ndani ya gari, nikapiga usukani kofi. Jua lilikuwa limeanza kulala upande wa magharibi na upepo umeamka. Mabua ya ngano, mabua ya ngano. Niliyaona wapi mabua ya ngano?

Woi. Nikajua niliyaona wapi.

Bernardine alinisikiliza amesimama mlangoni, koti mwilini, ametoka kulala kifudifudi mbele ya pipa la taka akimwita paka asiyemjibu. Nilipotaja tuta, uso wake ukafunga.

"Hapana."

"Mama Maombi, hakuna mahali pengine."

"Hapana. Ile tuta hakuna mtu atagusa. Mikono yake ya mwisho iko pale. Mbegu yote iko pale, hakuacha hata moja juu ya frigo. Ukiitoa majani, na hii baridi, saumu itakufa yote. Na nilimuahidi Bagalwa. Jana! Jana, Mama Dinah, ulikuwa unasikia!"

"Basi paka atakufa."

"Utafuta njia ingine!"

"Nimetafuta! Nimezunguka mji mzima na miguu hii!" Nikapandwa na hasira, Mungu anisamehe, nikasema lililokuja. "Wewe mwenyewe uliniambia maneno aliyokuachia. Alisema saumu haijakula? Alisema hivyo?"

Alinitazama kama mtu aliyepigwa kofi. Kisha akapita kando yangu, akafungua kabati la korido, akatoa jembe la Birindwa.

Tulichimba theluji sisi watatu, mimi, yeye na Maombi. Juu kulikuwa na ganda gumu, tukalivunja; chini yake theluji kavu, laini kama unga; na chini ya hiyo, mabua, ya njano bado, makavu, yananuka kiangazi. Bernardine akapiga magoti. Alikuwa akiyachukua kidogo kidogo, kwa mikono, bila jembe. "Tutachukua ya juu tu," akasema. "Ya chini tunaachia saumu." Tukayatia ndani ya kasha. Halikufika hata nusu.

"Ongeza," nikasema.

Akaongeza. Bado. Upepo ulikuwa unatuchapa machozi yanaganda kwenye kope. Akachukua tena, na tena, akafika kwenye yale ya chini kabisa yaliyogandia udongo, akayang'oa kwa kucha, na kila akivuta analalamika kwa Kifaransa, kwa Kishi cha kwao, kwa Kiswahili, anamwomba Birindwa msamaha. "Pardon, papa. Pardon. Unisamehe." Maombi alikuwa analia waziwazi. Mimi nilijifanya nina mafua. Tuta likabaki udongo mtupu, mweusi, mgumu. Tulirudishia theluji juu yake, tukaipigapiga kwa viganja, tukijidanganya kwamba itasaidia.

Kasha likajaa. Tukalirudisha chini ya ngazi, na sahani ya samaki mbele. Tukaingia. Shefu hakuonekana. Usiku ule baridi ikaingia kweli.

Sijui niielezeje kwa mtu asiyeijua. Kuta zilikuwa zinatoa sauti ya kupasuka. Mlango wa nje ukigusa kitasa bila glavu, ngozi inabaki. Magari yakafa. Kiwanda cha Bernardine kikafunga, mimi nikalala kazini zamu mbili kwa sababu wenzangu walishindwa kufika, na kila nikipata nafasi nampigia simu.

"Amekuja?"

"Hapana."

"Samaki je?"

"Iko palepale. Imekuwa jiwe."

Niliporudi nilimkuta dirishani. Maombi akasema mama yake hajalala kitandani. Amevuta kiti, amejifunika kitenge, anaangalia theluji kati ya ngazi na pipa la taka. Theluji ilikuwa safi, nyororo, imelala bila alama. Hakuna unyayo hata mmoja unaoelekea kwenye kasha.

"Unaona?" akaniambia. "Hakuja. Nimeharibu yote mbili."

Nikasema bado kuna tumaini. Nilikuwa nasema tu.

"Mama Dinah, usinidanganye. Sweta niliharibu. Saumu niliua. Paka amekufa chini ya takataka. Yee alikuwa mutu wa kuchunga vitu. Mbegu, paka, watu, alichunga vyote, hata kambini alichungaga kuku mwenye jicho moja. Anafariki, anaachia miye, na kwa ile wakati kidogo nimemaliza vyote." Hakuwa analia. Afadhali angelia. "Miye hata sikumujibu, unajua? Alisema Shefu hajakula, miye nilikuwa naosha sahani, sikugeuka."

Nikakaa naye. Nilimpikia chai, ikapoa. La kuvunda halina ubani, walisema wahenga, na siku zile nilikuwa naona sisi ndio tumevunda. Nilitaka kumwombea lakini kila nikianza sala nasikia aibu kumtaja paka mbele ya Mungu, mwishowe nikamtaja. Nikamtaja kwa jina.

Baridi ilipolegea, jua likatoka, kali, la uongo, lile linalong'aa bila joto. Bernardine hakutaka kutoka. Alisema kama ni kumzika paka, nimzike mimi, yeye amezika vya kutosha. Nikavaa, nikachukua mfuko mweusi wa plastiki, ndiyo, niliuchukua, nikaenda moja kwa moja kwenye pipa la taka. Nikalala chini nikachungulia. Hakuna kitu. Nikarudi kwenye ngazi nivute lile kasha nilitupe, maana sikutaka aendelee kuliona dirishani. Mfuniko ulikuwa umegandia. Nikapiga kwa ngumi, ukaachia, nikaunyanyua.

Katikati ya mabua kulikuwa na shimo, na ndani ya shimo macho mawili ya njano. Akanifokea. Akanifokea kwa meno yote, masikio yamelala, kama mimi ndiye mwizi wa maisha yake! Sijawahi kutukanwa na mnyama nikafurahi vile.

"Mama Maombi!" Nilipiga kelele mpaka Brandon akafungua dirisha. "Mama Maombi, njoo! Yuko! Yuko hai, fala huyu yuko hai!"

Alikuwa ameingia usiku ule ule wa kwanza, kabla theluji ya mwisho haijafunika nyayo, akajichimbia, hakutoka. Bernardine alikuja bila koti. Hakumgusa, alijua hataki. Alipiga magoti mbele ya tundu, akaegemeza paji la uso kwenye ngazi, na hapo ndipo alipolia, kilio kile alichokiweka tangu mwezi wa kumi na moja. Nikaupeleka ule mfuko mweusi mbali, asiuone.

Shefu alipoteza ncha ya sikio moja, mguu ukapona. Saumu ilipoteza yote. Februari theluji iliyeyuka kidogo, ikarudi baridi juu ya udongo mtupu, na masika yalipokuja bustani za watu wengine zilichipua kijani, na tuta la Birindwa likatoa matope. Bernardine alichimbua mbegu moja. Ilikuwa imeoza, laini, ikapondeka kidoleni.

Bagalwa alikuja mwezi wa tano na ndugu wengine kugawa nguo. Waligawa vizuri, kwa sala. Halafu akasema, "Shemeji, tuende tuone saumu." Alikuwa amekuja na kopo la kuwekea udongo, maskini.

Tulitoka nyuma. Nilikuwa nimeshajiandaa kugombana kwa niaba yake, lakini Bernardine alinishika mkono ninyamaze. Akasimama mbele ya tuta tupu, akamwambia yote yeye mwenyewe. Kwamba alitoa majani. Kwamba alijua saumu itakufa, na ahadi alikuwa anaikumbuka, na aliyatoa.

"Kwa ule paka?" Bagalwa akauliza. Hakupandisha sauti. Ilikuwa mbaya zaidi. "Shemeji, kwa hiyo sina kitu. Ya kaka yangu, miye sina kitu."

Chini ya ngazi pakachakarika.

Shefu alitoka mbio, mkia juu. Nilikuwa sijaona mkia ule ukisimama tangu mwaka jana. Alipita bustani yote, akavuka tuta, akafika miguuni kwa Bagalwa, akaanza kujisugua kwenye suruali yake. Akasugua mara moja, akasimama. Akanusa kiatu. Akainua uso, akamtazama yule mtu, akatazama mlango, akamtazama tena, akatoa mlio mmoja mrefu ambao sitaki kuusikia tena maishani.

Bagalwa alielewa. Alichuchumaa polepole, kopo likamtoka mkononi. "Si yee, Chef," akasema kwa sauti ile ile ya kaka yake. "Si yee. Ni miye."

Paka hakukimbia. Alikaa chini mbele yake, mkia ameuzungusha miguuni, akingoja.

Bernardine aliingia ndani. Akarudi na sahani ya samaki, na badala ya kuiweka chini ya ngazi alikoiweka miezi yote ile, akamkabidhi Bagalwa mkononi.

"Shemeji," akamwambia, "Shefu hajakula."